Namna ya Kupanga Mbio na Pasi katika Ushambuliaji wa NFL

Anayepanga mashambulizi ya timu ya futiboli ya Marekani katika ligi ya NFL asianze kwa kutafuta nusu kwa nusu. Timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, na njia mbili za kuusogeza hazilingani kwa faida wala kwa hasara. Kukimbia na mpira huleta yadi nne na kidogo kwa wastani. Pasi huleta takriban yadi saba kwa kila inayorushwa, ingawa moja kati ya tatu hivi huanguka chini bure, nyingine hunaswa na wapinzani, na mara nyingine kwatabeki, yaani mchezaji anayerusha pasi, huangushwa kabla mpira haujamtoka mkononi. Tangu mwaka 1978, kanuni zilipowabana walinzi wasiwazuie wapokeaji kwa mikono baada ya yadi tano za kwanza na kuwaruhusu wazuiaji wa mbele wa timu inayoshambulia kunyoosha mikono yao, pasi imezidi kupata nguvu, na ndiyo maana timu nyingi leo hurusha mpira zaidi ya kukimbia nao. Uwiano unaofaa kutafutwa ni ule unaomnyima mlinzi uhakika, kiasi kwamba akijiandaa kwa mbio ataadhibiwa kwa pasi, na akijiandaa kwa pasi ataadhibiwa kwa mbio.

Kazi ya kwanza ni kuhesabu watu kabla mpira haujaanzishwa. Timu inayoshambulia huwa na wazuiaji watano mbele ya kwatabeki, na mara nyingi huongezewa wa sita, yule anayeweza kuzuia na pia kupokea pasi. Walinzi waliosogea karibu na mstari wakiwa sita au pungufu, mkimbiaji ana nafasi nzuri, kwa kuwa kila mlinzi amepata mtu wa kumkabili. Wakifika wanane, maana yake nyuma wamebaki watatu tu wa kulinda uwanja mpana, na kukaidi hesabu hiyo kwa kuendelea kukimbia ni ubishi usio na tija. Kwa sababu hiyo kwatabeki apewe mbinu mbili kwa wakati mmoja, moja ya mbio na moja ya pasi, pamoja na idhini ya kuchagua akishawaona walinzi walivyojipanga. Peyton Manning alijulikana sana kwa kazi hiyo alipokuwa Indianapolis Colts: alisimama nyuma ya wazuiaji wake akipaza sauti na kuashiria kwa mikono, akibadilisha mbinu hadi sekunde za mwisho.

Hesabu ya yadi zilizobaki nayo ina sauti yake. Jaribio la kwanza, yadi 10 zikiwa mbele, ndilo lenye uhuru mkubwa, na ndilo linalofaa kwa pasi ndefu, maana mlinzi hajui atarajie nini. Jaribio la pili likibakiza yadi mbili ni fursa nyingine ya kujaribu jambo kubwa, kwani ukikosa bado unaweza kukimbia katika la tatu. Makosa hutokea zaidi pale pasi ya kwanza inapoanguka na mpangaji, kwa woga au kwa mazoea, akaamua kukimbia katika jaribio la pili lenye yadi 10: akipata tatu, anabaki na saba katika jaribio la tatu, na hapo uwanja mzima unajua kwamba pasi inakuja.

Sehemu inayostahili muda mwingi zaidi wa mazoezi ni kuzifanya mbio na pasi zifanane. Kwatabeki hujifanya anamkabidhi mkimbiaji mpira, kisha anaubakiza na kuurusha; wale walinzi wa kati wanaopiga hatua mbili mbele kumfuata mkimbiaji huacha nyuma yao pengo ambalo mpokeaji huingia. Ili hadaa hiyo ifanye kazi, wazuiaji wapige hatua zilezile wanazopiga katika mbio halisi, na mkimbiaji aikunje mikono yake kama aliyebeba mpira kweli. Kocha Mike Shanahan aliijenga Denver Broncos juu ya msingi huo: wazuiaji wote walielekea upande mmoja pamoja na mkimbiaji Terrell Davis, ambaye mwaka 1998 alikimbia yadi 2,008, huku kwatabeki John Elway akichomoka upande wa pili na mpira mkononi. Makocha wengi hushikilia kwamba lazima ukimbie sana kwanza ndipo hadaa ikubalike, lakini wachambuzi wa takwimu wamegundua kwamba inafanya kazi hata kwa timu zisizokimbia vizuri, kwa sababu mlinzi hufuata alichofunzwa kukitazama, si jumla ya yadi zilizokwisha kupatikana. Mimi nakubaliana nao, ila naongeza sharti moja: mbio zisipokuwapo kabisa, mlinzi huacha kufundishwa kuziogopa.

Pasi fupi nazo zihesabiwe upande wa mbio. Kocha Bill Walsh, aliyeichukua San Francisco 49ers mwaka 1979, alitumia pasi za yadi chache, zinazorushwa haraka na kwa mpangilio wa hatua za kwatabeki, kufanya kazi ambayo wengine waliwaachia wakimbiaji. Kwa hiyo timu inayoonekana kwenye karatasi kurusha mno inaweza kuwa na utulivu uleule wa timu ya mbio.

Saa hubadilisha kila kitu. Pasi isiyoshikwa husimamisha saa, ilhali mkimbiaji anayeangushwa ndani ya uwanja huiacha iendelee. Katika Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2017, Atlanta Falcons waliongoza 28-20 wakiwa kwenye yadi ya 22 ya New England Patriots, zikiwa zimebaki dakika zisizofika tano. Walihitaji tu kulinda nafasi ya kupiga mpira wa pointi tatu. Walirudi kwenye pasi, kwatabeki wao Matt Ryan akaangushwa nyuma, faulo ikafuata, wakalazimika kuupiga mpira mbali, na mwishowe wakafungwa 34-28. Hapo kukimbia kulikuwa sahihi hata bila kupata yadi yoyote. Katika fainali ya miaka miwili kabla ya hapo, Seattle Seahawks walilaumiwa kwa kurusha wakiwa yadi moja tu kutoka mstari wa ushindi badala ya kumpa mpira mkimbiaji wao Marshawn Lynch, na Malcolm Butler, mlinzi wa Patriots, akainasa pasi hiyo. Lawama hiyo naiona kubwa kupita kiasi: zilibaki sekunde 26 na nafasi moja tu ya kusimamisha saa, hivyo pasi moja ilihitajika mahali fulani ili majaribio yote matatu yapatikane. Kosa lilikuwa kuirusha katikati ya msongamano.

Kisha wapo wachezaji ulionao. Baltimore Ravens walikimbia yadi 3,296 mwaka 2019, rekodi ya ligi, kwa sababu kwatabeki wao Lamar Jackson mwenyewe alikimbia yadi 1,206, na msimu huohuo akaongoza ligi kwa pasi za kufunga, 36. Philadelphia Eagles, waliokuwa na mkimbiaji Saquon Barkley na wazuiaji imara, walikimbia zaidi ya kurusha msimu wa 2024 na wakachukua ubingwa. Kuwaiga bila watu kama hao ni kujitafutia majaribio ya tatu marefu.

Mwisho, kila wiki mpangaji azitazame video za timu yake kwa jicho la mpinzani, akipanga majaribio kwa mpangilio wa wachezaji na yadi zilizobaki. Akiona kwamba kila mara wazuiaji wa ziada wawili wanapoingia katika jaribio la kwanza timu hukimbia, ajue mpinzani ameshaliona pia, na mchezo unaofuata aufungue kwa pasi kutoka mpangilio huohuo, wachezaji walewale wakisimama palepale.