Kushusha mafishie makubwa toka serveri ya mbali mpaka ku machini yako, hata kama umeme na konekshoni vinakatika

Hii ni ya wale wenye wanashushaka vitu vizito toka serveri ya mbali, archive za redio, video, backup ya site, na konekshoni yenye inalala katikati ya kazi. Nimeiandika nyuma ya kusaidia yaya mmoja wa redio ya mtaa hapa Bukavu, serveri yao iko Ulaya na walitaka emisio zote za zamani zirudi ku machini yao mbele ya kufunga ile serveri. Alikuwa anatumia scp, komandi ya kukopia fishie kati ya machini na serveri. Kwa fishie ndogo scp ni sawa kabisa, lakini haijui kuendelea pale ilifika, ikikatika ku 90% unaanza tena ku zero, na mega zimekwisha kwenda. Hapa kwetu mega ni mkate wa mtu, kuzilipa mara mbili kwa fishie moja inaniuma kweli, ndiyo maana nataka watu waache ile njia.

Mbele ya kila kitu piga hesabu. Konekshoni wanakuuzia kwa megabiti, fishie unaziona kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kama unapata megabiti 2 kwa sekunde za kweli (siyo zile za ku tangazo), GB 1 itakula karibu saa moja na dakika saba. GB 40 ni karibu masaa 44 bila kusimama. Sasa ni nani hapa Bukavu iko na masaa 44 ya umeme bila kukatika? Kwa hiyo usitafute namna ya kuzuia isikatike, itakatika tu. Tafuta namna ya kuendelea pale ilifika.

1. Chombo

Tumia rsync, programu ya kukopia fishie yenye inajua kuendelea pale ilifika. Ilitoka 1996, Andrew Tridgell na Paul Mackerras ndio waliiandika, na mpaka leo sijaona kitu kinaishinda kwa kazi hii. Lazima ikuwe pande zote mbili, ku serveri na ku machini yako:

sudo apt install rsync

Wenye Windows, wekeni WSL, ni Linux ndani ya Windows (fungua PowerShell kama administrateri, andika wsl --install, redemare), kisha fanyeni kama watu wa Linux, disk C yenu mutaipata mu /mnt/c. Mwenye hataki kabisa terminali atumie WinSCP, yenyewe inajua kuendelea, inaandika kwanza fishie yenye mwisho wa .filepart kisha inaipa jina lake ikimaliza. Wenye Mac, angalieni rsync --version, kwa miaka mingi Mac zilikuja na 2.6.9 yenye ni ya zamani sana, na ile opsheni ya maana ya hatua ya 4 haiko ndani. Wekeni mpya kupitia Homebrew, chombo cha kuweka programu ku Mac.

Google Drive na WhatsApp siziweki mu hii kazi. Unapandisha kisha unashusha, kazi mara mbili, na WhatsApp ukiituma picha kama picha inaipunguza ubora.

2. Ufunguo wa SSH, wa kuingia mu serveri bila neno la siri

ssh-keygen -t ed25519
ssh-copy-id archive@203.0.113.10

(Ile adresi ni ya mfano, weka yako.) Usiruke hii hatua ukisema neno la siri linatosha, juu mu hatua ya 4 komandi itajirudia yenyewe usiku na hakuna mtu wa kuandika neno la siri saa nane za usiku. Kisha fungua fishie ~/.ssh/config uandike:

Host redio
    HostName 203.0.113.10
    User archive
    ServerAliveInterval 20
    ServerAliveCountMax 3

Sasa ssh redio inatosha. Zile mistari mbili za mwisho zinafanya machini iulize serveri kila sekunde 20 kama bado iko, ikikosa jibu mara tatu inafunga yenyewe, haikai imeganda.

3. Jaribu kwanza bila kukopia

rsync -avn redio:/home/archive/emisio/ ~/emisio/

Ile n ndiyo inasema "nionyeshe tu". Soma lista yenye inatoka. Na angalia ule mkwaju (/) wa mwisho wa njia ya kwanza: emisio/ na mkwaju ni "vitu vyenye viko ndani", emisio bila mkwaju ni "dosie yenyewe". Bila mkwaju utajikuta na ~/emisio/emisio/, na kesho yake mtu mwingine akirudilia na mkwaju, kila kitu kinashuka tena pembeni ya kile cha kwanza. Ku njia ya pili mkwaju haubadilishi kitu hapa. Mimi naweka pande zote mbili kila mara, hivi sina la kufikiri.

Kama unaweka ku flashi ao disk ya nje, angalia iko formati gani. FAT32 haikubali fishie inapita GB 4, itakataa tu, hata kama nafasi ipo. Tena FAT inaandika saa kwa kuruka sekunde mbili mbili, rsync inaona saa hazifanani na inatuma tena fishie yenye iko sawa. Ongeza --modify-window=1, ao, vizuri zaidi, tumia exFAT kwa flashi na ext4 kwa disk ya kubaki nyumbani.

4. Kushusha kwenyewe, na kuendelea nyuma ya kukatika

Hapa soma polepole, hapa ndipo watu wanapotezaka masaa.

Ku mtandao kila mtu anakwambia tumia -P na imekwisha. -P ni --partial na --progress pamoja: ikikatika, kile kipande kilishuka kinabakia, komandi ikirudi inaanzia pale. Ni kweli, lakini ni kweli kwa kukatika kwa konekshoni. Kwa kukatika kwa umeme haiko kweli, na sisi hapa tunakatikiwaka na vyote viwili.

Sababu ni hii. Wakati inashusha, rsync haiandiki mu fishie yenye jina la kweli. Inaandika mu fishie ya kujificha yenye jina kama .emisio_2014.wav.k3XbQz, nukta mbele na herufi sita nyuma. Konekshoni ikikatika, rsync bado inaishi, inapata muda wa kubadilisha lile jina likuwe emisio_2014.wav, na mara ingine inaendelea na ile. Lakini umeme ukikatika ku machini isiyo na batri, rsync inakufa pale pale, haibadilishi jina lolote. Machini ikiwaka, rsync inatafuta emisio_2014.wav, haiioni, inaanza zero. Na ile kipande cha GB 3 bado kiko mu disk, kimejificha, kinakula nafasi, hakuna mwenye anakijua. Yaya ule disk yake ilikuwa inaonyesha imejaa na fishie zenye zinaonekana zilikuwa chache tu. Andika ls -la mu dosie, utaona zote.

Kama imekufikia tayari, usifute! Simamisha rsync, chukua kile kipande kikubwa kuliko vingine vya ile fishie, ukipe jina la kweli kwa mkono:

mv .emisio_2014.wav.k3XbQz emisio_2014.wav

kisha rudisha komandi, itaendelea nacho. Vingine vya ile fishie, vidogo, ndivyo unaweza kufuta.

Na kwa kutokufika tena pale, komandi yangu ni hii:

rsync -av --progress --append-verify --timeout=120 redio:/home/archive/emisio/ ~/emisio/

--append-verify inaandika moja kwa moja mu fishie yenye jina la kweli na inaongeza ku mwisho wake. Umeme ukienda, kile kilikwisha kuandikwa kiko pale na jina lake. Ikirudi inaendelea, na ikimaliza inahakiki fishie mzima, si kipande kipya peke yake, juu umeme ukikatika mara zingine ile mistari ya mwisho haikufika ku disk vizuri. Ikiona haifanani inarekebisha. Kuna pia --append tupu, bila verify: usiitumie, hiyo haiangalii kipande cha zamani.

Masharti yake sasa, na ni ya kweli, usiyapite:

Ni kwa fishie zenye hazibadiliki, sauti, video, picha, zip. Kwa database ao dokima ya Word yenye watu bado wanaandika usiitumie, juu kama fishie yako ya hapa ina ukubwa sawa ao kupita ile ya serveri, hii opsheni inairuka tu, hata kama ndani vimebadilika. Kwa zile rudia -avP ya kawaida.

Haipatani na --partial-dir. Kama uliona mwongozo mwingine wenye --partial-dir, chagua moja.

Wakati bado inashuka, fishie inaonekana na jina la kweli na haijakamilika. Mwambie kila mtu wa ofisi asifungue, na zaidi asiikate na kuipeleka mu dosie ingine, mpaka useme imeisha.

-z sijaiweka, na ni makusudi. Inabana vitu njiani, ni nzuri kwa maandishi na database, lakini MP3, JPEG na video zimekwisha kubanwa, utachosha prosesa bure. Kama emisio zako ni WAV, iweke, utapunguza kidogo.

--timeout=120 ni kwa ile hali konekshoni haikatiki wazi, inanyamaza tu. Bila hiyo utaamka asubuhi ukute namba zimesimama pale pale na rsync bado inangojea kwa heshima. Usiiweke sekunde 10, ikiwa inahakiki fishie kubwa pande zote zinanyamaza kidogo na utaikata bila sababu.

Sasa ijirudie yenyewe. Weka hii mu fishie vuta.sh:

until rsync -av --progress --append-verify --timeout=120 redio:/home/archive/emisio/ ~/emisio/; do
    echo "imekatika, narudia"
    sleep 30
done

uipige na bash vuta.sh. Ikikatika inangoja sekunde 30, inarudi. Ikimaliza vizuri inasimama. Kuisimamisha kwa mkono, Ctrl+C ya kwanza inaua rsync peke yake, na loop inaendelea, lazima upige tena wakati iko mu sleep. Na hii loop haijui tofauti ya konekshoni mbaya na njia ulikosea kuandika, kwa hiyo piga rsync mara moja peke yake kwanza, uone imeanza kushusha kweli, kisha ndiyo uiachie loop. Umeme ukirudi unawasha machini, unapiga bash vuta.sh, imetosha, hauna haja ya kukumbuka opsheni.

Mtu mmoja ataniambia tmux, programu yenye inaacha kazi ya terminali iendelee hata ukitoka. Napenda sana tmux, lakini watu wanaielewa vibaya. tmux ku serveri inalinda kazi yenye inatembea ku serveri. Hapa rsync inatembea ku machini yako, umeme ukienda kwako tmux ya Ulaya haiwezi kukusaidia. Itumie pale unakopia toka serveri moja mpaka ingine: ingia mu serveri, fungua tmux, anza kopi, toka, enda kulala.

Kama mchana kuna watu wengine ku konekshoni ile ile, ongeza --bwlimit=150, hapo haipiti kilobaiti 150 kwa sekunde na wenzako wataweza kufungua mail. Usiku toa.

5. Kuhakikisha

Ku serveri:

cd /home/archive/emisio && find . -type f -exec sha256sum {} + > ~/hakiki.txt

Shusha ile hakiki.txt (hapa scp inafaa, ni ndogo), ingia mu ~/emisio kisha:

sha256sum --quiet -c ~/hakiki.txt

Ikinyamaza, vyote ni sawa. Ikitaja fishie, ifute ile moja na upige vuta.sh tena. Usifunge serveri mbele ya hapa, hata kama anayelipa anakukaza.

Na --delete usiiguse. Inafuta kwako kila kitu chenye hakiko ku serveri. Siku mtu atasafisha serveri na wewe unapiga ile komandi, archive yako ya nyumbani inafuata. Kwa archive sioni sababu hata moja ya kuiweka.

6. Kugawia mwenzako wa chumba kimoja

Hii inakula mega za watu bure kila siku. Ikiwa machini mbili ziko ku ruta moja ya Wi-Fi, hata ruta isiyo na intaneti, unaweza kukopia kati yao bila mega hata moja. Ku ile yenye inapokea, weka openssh-server na rsync, andika hostname -I, itakupa kitu kama 192.168.1.14, kisha ku yako (mama ni jina la mtumiaji wa ile machini, weka lake):

rsync -avP ~/emisio/ mama@192.168.1.14:emisio/

Kama muko na kebo ya Ethernet, iingize ku ruta pande zote mbili. Wi-Fi ya ruta ya zamani inachoka haraka ukiipa GB 40, kebo haichoki. Yaya aliweka kopi ya pili ku machini ya studio vile vile, na wakati inapita alichomoa kebo ya intaneti ili aone kwa macho yake kama kweli haikati mega.