Kupima kapasita kwa mita na saa ya simu

Wanafunzi wengi ninaowafundisha hapa Mbeya wamekariri Q = CV vizuri (chaji Q ni kapasitansi C, yaani uwezo wa kapasita kubeba chaji, mara volti V), lakini ukiwawekea kapasita mkononi, kifaa chenye bamba mbili kinachotunza nishati ya umeme, hawajui waifanyie nini. Jaribio hili halihitaji maabara wala umeme wa ukutani.

Tuanze na potensheli, ile inayopimwa kwa volti. Ukibeba mkungu wa ndizi kutoka Kyela hadi Tukuyu, unapanda kama mita 1,000. Upite barabara ya lami au ukate mashambani, kazi unayofanya dhidi ya uvutano wa dunia ni ileile, kwani inategemea tofauti ya kimo tu. Chaji nayo ndivyo ilivyo: tofauti ya potensheli ni kazi inayofanywa kuhamisha kila kulombu moja kati ya nukta mbili, kwa njia yoyote ile. Volti 1 ni juli 1 kwa kila kulombu. Ndiyo maana mita ina waya mbili.

Vifaa: kapasita ya mikrofaradi 1,000 iliyoandikwa 16V au 25V, rezista ya kilo-omu 47 (njano, zambarau, chungwa), betri ya volti 9, mita ya dijitali, na simu. Mafundi redio wa Mwanjelwa watakung'olea kapasita na rezista kutoka redio mbovu.

Tafadhali usizing'oe mwenyewe kwenye televisheni. Kapasita ya upande wa umeme wa volti 230 hujaa hadi volti 325 hivi, na huweza kubaki na chaji baada ya kuchomoa plagi. Nishati ni ½CV². Kapasita yetu itabeba juli 0.04; ile ya mikrofaradi 100 tu, kwenye volti 325, inabeba juli 5 na ushee. Ni ndogo mara kumi, lakini nishati yake inazidi mara mia, kwa sababu volti zinapigwa kipeo cha pili.

Hatua ya 1. Tafuta mstari wenye alama ya kutoa kwenye ganda. Mguu wa upande huo ni hasi. Ukigeuza miguu, kapasita hupata joto na inaweza kupasuka.

Hatua ya 2. Weka mita kwenye volti 20 za DC, uiunganishe na miguu ya kapasita, kisha gusisha betri: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Namba inaruka hadi karibu 9. Mikrofaradi 1,000 ni faradi 0.001, kwa hiyo sasa kuna chaji ya 0.001 × 9 = kulombu 0.009 kwenye bamba chanya, na kiasi hichohicho cha chaji hasi kwenye bamba la pili. Jumla yake ni sifuri. Kapasita imetenganisha chaji tu.

Hatua ya 3. Betri ikiwa bado imeshikizwa, unganisha rezista sambamba na kapasita, yaani miguu yake miwili iguse miguu miwili ya kapasita. Chomoa betri na uwashe saa papo hapo. Mwenzako ataje muda, wewe uandike volti kila sekunde 10.

Hatua ya 4. Hapa usiharakishe. Utapata kitu kama 9.0, 7.3, 5.9, 4.8, 3.8, 3.1. Wengi huchora mstari ulionyooka kwa sababu wametarajia hivyo. Gawanya kila namba kwa iliyoitangulia: jibu ni takriban 0.8 kila mara. Potensheli ikishuka, mkondo kwenye rezista unapungua; mkondo ukipungua, chaji inatoka polepole zaidi, na potensheli nayo inashuka polepole zaidi. Mkunjo wa grafu yako umezaliwa hapo.

Hatua ya 5. Soma kwenye grafu muda ambao volti zilifika asilimia 37 ya mwanzo, yaani 3.3. Muda huo (t) ni R × C, R ikiwa omu za rezista, kwa hiyo C = t ÷ R. Sekunde 47 zinakupa faradi 0.001 kamili. Ukipata 40 au 55, usifute: kapasita za aina hii mara nyingi hutofautiana na maandishi yake kwa asilimia 20, na mita yenyewe hupitisha chaji kidogo.

Ukiwa na kapasita mbili zinazofanana, andika utabiri wako kabla ya kugusa waya. Ukiziunga sambamba, kapasitansi ni mikrofaradi 2,000 na muda ni sekunde 94. Ukiziunga mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, inakuwa 500, na muda unashuka hadi sekunde 23 au 24, kinyume kabisa na kanuni ya rezista. Hili ndilo huchanganya wengi kwenye mtihani, kwa hiyo lipime.