Mambo ya Kuzingatia Kabla Kijana Hajatoka Kwenye Makao ya Watoto

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18, na kwa sababu hiyo makao mengi ya watoto nchini Tanzania huhesabu kutimiza umri huo kuwa ndiyo wakati wa kuagana. Kijana huombewa dua, hupewa godoro, ndoo na nauli, kisha geti hufungwa. Sina neno na godoro. Hata hivyo, wengi wanaokwama baada ya hapo hukwamishwa na karatasi walizokosa na mtu waliyemkosa, na vyote viwili havipatikani katika wiki ya mwisho. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, iliyopitishwa Desemba 2009, inataka maandalizi haya yaanze mapema iwezekanavyo. Kwa mazingira yetu ningesema yaanze kidato cha pili, bila kungoja mtihani wa kidato cha nne.

Linalokula muda kuliko yote ni cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyeletwa na polisi au na jirani mara nyingi hana kadi ya kliniki wala ndugu anayekumbuka tarehe, na usajili uliochelewa unadai ushahidi ambao RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, itaukubali, hivyo safari za kwenda na kurudi ofisini huwa nyingi. Baada ya cheti ndipo huja kitambulisho cha Taifa, ambacho fomu yake inauliza habari za baba na mama, maswali ambayo kijana aliyeokotwa akiwa mchanga hawezi kuyajibu peke yake mbele ya karani. Asipokuwa na namba ya NIDA, yaani namba ya kitambulisho hicho, hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake. Atatumia laini ya rafiki, atalipwa vibarua kupitia laini hiyo, na siku wakigombana hela zake zitabaki mikononi mwa rafiki.

Kwa hiyo mlezi mkuu na afisa ustawi wa jamii walifungue faili la kijana pamoja naye, wakiwa wamekaa meza moja: nani alimleta, kutoka kijiji gani, kwa amri ipi ya mahakama, ndugu gani waliwahi kutajwa. Nakala apewe yeye, kwa kuwa makao huhama, viongozi hubadilika na makabati huliwa na mchwa. Ikiwa wazazi walifariki, vyeti vya vifo navyo vitafutwe mapema, maana mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu anayejitambulisha kuwa yatima hutakiwa kuviwasilisha vikiwa vimehakikiwa na RITA.

Kalenda ya shule nayo itazamwe kwa makini. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, matokeo hutoka Januari, na kidato cha tano huanza Julai; anayeondolewa makaoni Desemba ana miezi saba ya kungoja bila pa kulala. Anayekwenda VETA, kwenye vyuo vya ufundi stadi, aombe nafasi kabla mwaka haujaisha, na ijulikane mapema kama chuo chenyewe kina bweni.

Kuhusu makazi, hesabu ifanywe kwenye daftari huku kijana akishika kalamu. Tuchukue chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita, hizo ni 300,000, na dalali akichukua kodi ya mwezi mmoja, zimekwenda 350,000 kabla hajanunua hata kijiko. Kisha kuna umeme wa LUKU, unaolipiwa kabla ya kutumika, ambao wapangaji huchangiana, hela ya maji na hela ya taka. Ni vyema aende mwenyewe kukitafuta chumba, mlezi akiwa kando, aulize kuhusu choo, adai mkataba wa maandishi, na ajitambulishe kwa mjumbe, kwa sababu barua ya serikali ya mtaa ataihitaji kila mara.

Jikoni kuna pengo ambalo wageni wa makao hawalioni. Msichana aliyekulia huko anaweza kusonga ugali wa watu arobaini bila kutoa donge, lakini hajawahi kupika wa mtu mmoja, wala hajui kilo moja ya unga itamfikisha siku ipi, kwani unga aliouzoea ulikuwa ukiletwa kwa magunia. Apewe fedha za wiki nzima miezi kadhaa kabla, ajinunulie na ajipikie humo humo makaoni, na zikiisha Alhamisi asiongezewe haraka. Heri ajifunze mahali ambapo bado kuna sahani ya akiba.

Mikopo ya halmashauri isiyo na riba hutajwa sana kwenye hotuba za kuwaaga vijana. Ni kweli kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ila vijana huipata kupitia vikundi, na aliyehamia mtaani juzi hana kikundi.

Limebaki suala la mtu. Mwajiri atadai wadhamini, hospitali itauliza jina la ndugu wa karibu, na siku kijana wa kiume atakapotaka kuoa, upande wa binti watauliza wazee wake ni akina nani na mshenga ametumwa na nani. Ndugu watafutwe angali mdogo, naye azoeane nao wakati wa likizo. Asipopatikana hata mmoja, achague mwenyewe mtu mzima mmoja, awe mwalimu, mama mlezi wa zamani au muumini mwenzake, ambaye amekubali kwa kinywa chake kupigiwa simu usiku. Namba ya mtu huyo iandikwe pia kwenye karatasi, kwa kuwa simu huibwa. Na tarehe ya kwanza ya kumtembelea kijana ipangwe kabla hajafunga begi, iwe ndani ya mwezi wa kwanza, wakati unga aliofungashiwa haujaisha.