Kukagua mitaro, mmomonyoko na kuta za mgodi wa makaa ya mawe milimani

Kwenye vilima vya Kiwira na Kabulo, wilayani Ileje, mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei. Ukuta wa shimo uliosimama imara Oktoba unaweza kuporomoka Machi bila mtu kuugusa. Maji yakijaa kwenye nyufa huusukuma mwamba kutoka ndani, na tabaka la tope gumu lililo chini hulainika likawa utelezi. Ndiyo maana ukaguzi huanzia juu ya mlima na kushuka na maji. Ukianzia shimoni utaona madhara tu, chanzo kitabaki juu.

Kagua kila wiki msimu wa mvua, na tena kipimo cha mvua kikivuka milimita 30 kwa siku. Beba futi kamba, vigingi vya chuma, rangi ya kupuliza, mpira wa maji wa mita 10 kama ule wa mafundi ujenzi, karatasi za pH (za kupima asidi ya maji), chupa nyeupe na daftari. Nendeni wawili: mmoja anapima, mwenzake haondoi macho ukutani.

Hatua ya 1: Mtaro wa juu

Huu ndio unaozuia maji ya mlima yasiingie shimoni. Utembee wote, usiridhike na kuuchungulia kwenye kona. Pima mteremko kwa mpira wa maji: kwenye mita 10, sakafu ya mtaro ishuke sentimita 10 hadi 20. Ikishuka chini ya hapo, tope hutuama na maji hufurika kuelekea shimoni. Ikifika sentimita 50, maji huchimba sakafu, hasa kwenye udongo mwepesi wa majivu ya volkano. Hapo weka vizuizi vya mawe.

Kizuizi cha nusu mita kwenye mteremko huo hurudiwa kila mita 10, ili kichwa cha kizuizi cha chini kiwe sawa na mguu wa kile cha juu. Kosa linalorudiwa sana ni kukijenga bapa. Katikati pawe chini kuliko pembeni, angalau kwa sentimita 15, na ncha ziingie ndani ya kingo. Kikiwa bapa, maji huzunguka pembeni, yanakula ukingo, na baada ya mvua chache mawe yanabaki peke yao katikati ya korongo jipya.

Hatua ya 2: Nyufa

Tafuta nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo wa shimo. Usisimame kati ya ufa na ukingo, hata kwa dakika moja ya kupiga picha.

Ukiuona ufa, piga kigingi upande wa mlimani na kingine upande wa shimo kama panafikika bila kuvuka ufa. Kama hapafikiki, weka alama za rangi na upime kwa kifaa cha kupimia kwa mbali. Andika umbali kwa milimita, saa na kiasi cha mvua. Angalia kasi kuliko upana. Ufa wa sentimita 4 usiosogea kwa mwezi unasubirika. Ufa uliofunguka milimita 2 juzi, 5 jana na 12 leo unakimbia: watoe watu na mashine chini yake mara moja, halafu ndipo umwite meneja. Usiufukie kabla ya kuweka vigingi, maana utakuwa umefuta ushahidi. Ukishapimika, uzibe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa ili mvua isiingie.

Hatua ya 3: Ukuta na ngazi zake

Ngazi zilizokatwa ukutani zisituamishe maji. Tazama pia mlalo wa matabaka: yakiinamia shimoni, hatari ni kubwa kuliko yakiinamia mlimani. Chota maji ya chemchemi ukutani kwa chupa nyeupe. Yakiwa safi, andika kiasi chake. Yakianza kutoka na tope, yanabeba udongo wa ndani. Mguu wa ukuta ukivimba, zuia eneo.

Pima mwamba laini pia: tumbukiza kipande kikavu kwenye kopo la maji. Kikisambaratika ndani ya saa moja, ukuta huo hautavumilia masika bila kukingwa.

Hatua ya 4: Lundo la kifusi

Vijifereji vya kina cha kidole husawazishwa kwa jembe. Vikifika sentimita 30, maji ya juu ya lundo hayana njia; rekebisha huko kwanza. Panda nyasi za vetiva kwa mistari inayokata mteremko, shina hadi shina sentimita 10 hadi 15, mvua za kwanza zinapoanza.

Hatua ya 5: Bwawa la kutuliza tope

Milimita 1 ya mvua kwenye hekta 1 ni mita za ujazo 10. Hekta 4 zikipata milimita 50, zinaweza kuleta mita za ujazo hadi 2,000. Linganisha na nafasi iliyobaki bwawani. Tope likifika nusu, lizoe. Pima pH ya maji yanayotoka. Ikiwa chini ya 6, au mawe yamepata rangi ya kutu, madini ya salfa yameanza kutoa asidi: yazuie maji hayo, yatibu kwa chokaa, ndipo uyaachie. Mito Kiwira na Songwe inaingia Ziwa Nyasa, na njiani kuna watu wanaochota.

Kila kasoro iandikwe na mahali, jina la wa kurekebisha na tarehe. Rudi uitazame mvua ikinyesha.