Duka kubwa la nje likitaka nguo zako, fanya hivi kabla hujatuma mzigo

Wenye lebo ndogo naomba mnisikilize. Najua bayer (mtu anayechagua na kununua mzigo wa duka) wa duka la kifahari la nje akikutafuta unaona umeshatoboa, ila haya maduka yanayouza brand nyingi pamoja hali yao mbaya kweli. Matchesfashion ya London ilinunuliwa na Frasers Group Desemba 2023, ilipofika Machi 2024 tayari iko kwa wafilisi na wabunifu kibao wanadai. Saks Global ya Marekani nayo Februari 2025 iliwaambia wanaowaletea mzigo watalipwa siku 90 baada ya kupokea, madeni ya nyuma kwa awamu 12, halafu Januari 2026 ikakimbilia mahakamani kujikinga na wadai. Wakubwa kama Gucci walishapunguza sana kuuza jumla, wanauza kwenye maduka yao ili bei isivurugwe na mapunguzo, so anayebaki kulikopesha duka ni wewe mwenye mtaji wa kuungaunga.

Kwa hiyo omba advansi. Kitambaa, fundi, vifungo, usafiri, vyote vinatoka mfukoni kwako miezi kadhaa kabla nguo haijatundikwa dukani, nusu ya hela iingie kabla hujakata kitambaa. Wakigoma, kata oda iwe ya kiasi ambacho hata kikipotea fundi wako bado analipwa.

Mkataba uandike wazi kwamba mzigo ni wako mpaka umalizwe kulipwa. Hapa wengi wanaishia njiani: mfilisi akija atataka umuonyeshe gauni lipi ni la invoisi ipi, bila hivyo maneno ya mkataba hayakusaidii, kwa hiyo shona namba ya oda kwenye kile kilebo cha ndani pembeni ya ubavu, na namba hiyohiyo iwe kwenye invoisi.

Wakitaka mali kauli, yaani wauze kwanza ndiyo wakulipe, kwa Marekani usitegemee kuaminiana kabisa. Tafuta wakili akusajilie fomu ya UCC-1 (ya kutangaza rasmi kwamba una haki kwenye huo mzigo) kabla mzigo haujafika na awape taarifa wanaolidai duka tayari, la sivyo likifilisika nguo zako zinaweza kuhesabiwa mali ya duka na benki inatangulia mbele yako.

Na tuma kwa mafungu. Fungu la kwanza halijalipwa, la pili lisitoke stoo hata bayer akupigie simu kila siku.