Jinsi ya Kusoma Kisukuku cha Kaa

Anayekutana kwa mara ya kwanza na kisukuku cha kaa hutamani kujua jina lake na umri wake. Hamu hiyo ni halali, lakini lipo swali linalopaswa kutangulia: kitu hiki kilichogeuka jiwe ni mzoga wa kaa aliyefia pale, ni gamba alilolivua akaenda zake, au ni kipande tu kilichosalia baada ya viungo vingine kuoza? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua ni mambo gani mengine tunaweza kuyasema kwa uhakika juu ya kaa aliyetoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita. Kwa sababu hiyo nitalirudia mara kwa mara katika mwongozo huu.

Ni vyema kwanza kuelewa kwa nini visukuku kamili vya kaa ni adimu. Mwili wa kaa umefunikwa kwa kitini (dutu inayojenga magamba ya kaa na wadudu) iliyokazwa na kalisi kaboneti, yaani madini ya chokaa, lakini ugumu huo haulingani kila mahali. Vidole vya magando ni vinene na vimejaa madini, gamba la mgongo ni la wastani, na ngozi inayounganisha viungo vya miguu ni laini kabisa. Kaa anapokufa, wanyama walao mizoga humrarua, bakteria huila ngozi ile laini, na miguu huachana na mwili. Ndiyo maana katika miamba mingi mtafutaji huokota vidole vya magando pekee, vyeusi na vinavyong'aa kama meno, na hukaa siku nyingi bila kuona gamba hata moja. Vidole hivyo visidharauliwe, kwa kuwa kuna mahali ambapo ndivyo ushahidi pekee kwamba kaa waliwahi kuishi hapo.

Mahali pa kutazama ni katika miamba iliyotokana na mashapo ya baharini: udongo wa mfinyanzi ulioganda, mchanga laini, na mawe ya chokaa yaliyojengwa na matumbawe ya kale. Mara nyingi kaa hupatikana ndani ya donge gumu la mviringo, ambalo liliganda kuuzunguka mwili kabla tope lililobaki halijashindiliwa. Madonge ya aina hiyo huko Nyuzilandi ndiyo yaliyotunza Tumidocarcinus giganteus wa enzi ya Miosini (takriban miaka milioni 23 hadi 5 iliyopita), kaa mkubwa mwenye mgongo uliovimba, ambaye dume lake lilikuwa na gando moja kubwa kupita kiasi. Katika miamba ya chokaa ya Ernstbrunn nchini Austria hali ni tofauti. Huko miamba ya matumbawe ya mwisho wa kipindi cha Jurasiki, takriban miaka milioni 150 iliyopita, imejaa magamba madogo ya mgongo ya spishi nyingi, lakini miguu na magando yaliyobaki yameungana nayo karibu hayaonekani. Anayejua tofauti hii hatashangaa kupata magamba matupu kwenye mawe ya chokaa, wala hatalivunja donge la udongo kwa pupa.

Kabla ya kuinua nyundo, pata ruhusa ya mwenye ardhi na ujue sheria ya nchi husika kuhusu visukuku. Kisha andika tabaka ulilosimama mbele yake: rangi ya mwamba, ukubwa wa chembe zake, urefu kutoka tabaka jingine linalotambulika, na makombe yaliyo jirani. Donge lililookotwa chini ya jabali liandikwe kuwa limeokotwa chini, hata kama una hakika lilidondoka kutoka tabaka fulani. Kisukuku kizuri kisicho na maelezo ya mahali kilipotoka hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na hasara hiyo hairekebishiki baadaye.

Kufungua donge ni kazi ya subira. Litazame kwanza likiwa limelowa maji, kwa kuwa maji huonyesha rangi ambazo jiwe kavu huzificha, na utafute alama ndogo ya kahawia au nyeusi pembeni; mara nyingi hiyo ni ncha ya mguu uliokatwa na mmomonyoko. Ukiiona, usilipige donge katikati. Anza upande wa pili kwa patasi ndogo, ukiondoa jiwe kwa vipande vyembamba na kuelekeza nguvu mbali na gamba. Unapokaribia, badili chombo: kalamu ya kuchongea inayoendeshwa kwa hewa, au sindano ngumu iliyofungwa kwenye mpini, huku ukitazama kwa kioo cha kukuzia. Dalili ya kwamba umefika ni ya kuhisika mkononi na ya kuonekana kwa pamoja, kwani jiwe huanza kubanduka kwa urahisi zaidi, na chini yake huonekana uso laini wenye vinundu vidogo vilivyopangika, jambo ambalo jiwe lenyewe halina. Hapo simama, pumzisha mkono, kisha uendelee kwa mapigo madogo zaidi.

Gamba likipasuka, vipande vyake viunganishwe kwa gundi inayoweza kuyeyushwa tena. Mafundi wengi wa visukuku hutumia Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwa asetoni. Usitumie siki wala asidi nyingine kusafisha kaa, kwa sababu gamba lake ni la kalisi kaboneti na asidi hiyo itaanza kulila kabla haijamaliza kula jiwe. Usiyatupe pia mabaki ya donge. Upande wa pili wa jiwe, ule uliokuwa umeligusa gamba, huwa umechukua alama yake kama muhuri, na mara nyingi unatunza sehemu ya gamba ambayo haikubaki kwenye kisukuku chenyewe.

Baada ya kusafisha, rejea swali letu la kwanza: ni mzoga au ni gamba lililovuliwa? Kaa hukua kwa kujivua gamba mara nyingi maishani mwake, hivyo kaa mmoja huweza kuacha magamba mengi lakini mzoga mmoja tu. Anapojivua, gamba la mgongo huachana na sehemu ya chini kwenye mshono wa kando na kufunguka kwa nyuma kama kifuniko cha sanduku, naye hutoka kinyumenyume kupitia uwazi huo. Gamba lililovuliwa likizikwa bila kuvurugwa, kisukuku chake huonyesha kifuniko hicho kikiwa kimeinuka au kimesogea mbele, huku kifua na miguu vikibaki pamoja. Katika mzoga uliozikwa haraka, gamba la mgongo hukaa sawasawa juu ya kifua, mkia uko mahali pake chini ya kifua, na magando mara nyingi yamekunjwa mbele ya uso.

Ushauri wangu ni kwamba mtu asiharakishe kutoa hukumu. Mzoga uliooza kwa muda kabla ya kuzikwa nao hufunguka, na mawimbi hutawanya vya aina zote mbili. Tazama unene wa gamba, kwa kuwa kabla ya kujivua kaa hurudisha mwilini sehemu ya madini yake na gamba analoliacha huwa jembamba zaidi. Tazama pia vielelezo vingi vya tabaka hilohilo, kwani mpangilio mmoja ukijirudia katika vielelezo ishirini huwa na uzito ambao kielelezo kimoja hakiwezi kuwa nao. Umuhimu wa jambo hili ni mkubwa, kwa maana anayehesabu magamba yaliyovuliwa kama mizoga atadhani kaa walikuwa wengi kupita walivyokuwa, na pengine atatunga hadithi ya maangamizi makubwa pale ambapo kaa walikuwa wakikua tu.

Sasa hakikisha kwamba ulichonacho ni kaa wa kweli, wa kundi linaloitwa Brakiura. Umbo bapa na pana halitoshi kuwa ushahidi. Mwaka 1916 mwanazuolojia L. A. Borradaile alilipa jina la pekee tukio la gegereka (wanyama wa jamii ya kaa na kamba) wengine kubadilika hadi kufanana na kaa, na leo inakubalika kwamba tukio hilo limetokea angalau mara tano katika historia ya viumbe. Hesabu miguu: kaa wa kweli huonyesha jozi nne za miguu ya kutembelea nyuma ya magando, lakini baadhi ya wanaofanana nao, jamaa wa karibu wa kaa wanaojificha ndani ya makombe ya konokono, huonyesha jozi tatu tu kwa kuwa jozi ya mwisho ni ndogo na imefichwa. Tazama tumbo: mkia wa kaa wa kweli umekunjwa na kubanwa chini ya kifua, mwembamba kwa dume na mpana kwa jike. Kwa mwamba wa kale zaidi ya Jurasiki, shuku zaidi. Wapo gegereka wa kundi la Cyclida, wenye gamba la duara, ambao wamewapotosha wengi.

Gamba la mgongo ndilo ukurasa wenye maandishi mengi. Pima upana wake mkubwa kabisa, urefu wake kutoka paji hadi ukingo wa nyuma, na umbali kati ya matundu ya macho. Hesabu miiba ya kila ukingo wa mbele. Kisha fuata mifereji inayoligawa gamba katika maeneo, kwa sababu maeneo hayo yanalingana na viungo vilivyokuwa chini yake: tumbo la chakula katikati mbele, moyo nyuma yake, na matamvua pande zote mbili. Andika pia kama gamba lenyewe lipo au limebanduka likaacha kalibu ya ndani, yaani tope lililoganda ndani ya gamba na kuchukua umbo lake, kwa maana uso wa ndani huonyesha mifereji na vinundu kwa namna tofauti, na spishi moja imewahi kuonekana kama mbili kwa sababu ya tofauti hiyo.

Ukiona upande mmoja wa eneo la matamvua umevimba na mwingine haukuvimba, usidhani ni ulemavu wa jiwe. Uvimbe huo husababishwa na vimelea wa familia ya Bopyridae, ambao huingia chini ya gamba wakiwa wadogo na kukua pamoja na kaa. Mwili wa kimelea ni laini, kwa hiyo hauonekani, lakini alama yake imepewa jina la kisayansi, Kanthyloma crusta, na inajulikana tangu Jurasiki, ikiwemo katika magamba ya Ernstbrunn. Kwangu mimi ni miongoni mwa visukuku vinavyogusa moyo kuliko vyote: ugonjwa wa kiumbe mmoja, uliotunzwa katika gamba dogo kuliko ukucha.

Picha ipigwe baada ya kielelezo kupakwa poda nyeupe nyembamba, kwa kawaida ya kloridi ya amonia, inayofuta rangi na kuacha umbo peke yake. Kazi hiyo ifanyike penye mfumo wa kuvuta hewa. Mwanga utoke juu kushoto.

Katika kutoa jina, linganisha na kaa wa kipindi kilekile kwanza, wala usianze na kaa wa leo, ingawa spishi takriban 7,000 zilizo hai zitakusaidia kuelewa kazi ya viungo. Gando la kulia la Megaxantho zogue, aliyeelezwa mwaka 2001 kutoka mwisho wa Kretasia, kipindi kilichofuata Jurasiki, nchini Meksiko, lina jino lililopinda kama lile ambalo kaa wa leo hulitumia kuvunja makombe ya konokono, na hapo ulinganifu unafaa. Lakini Callichimaera perplexa, wa Kolombia na Marekani miaka milioni 95 hadi 90 iliyopita, aliyetangazwa mwaka 2019, alikuwa na macho makubwa yasiyo na matundu ya kuyahifadhi na miguu iliyotandaa kama makasia. Hakuna kaa aliye hai ambaye angetumika kumkisia. Na Cretapsara athanata, aliyenaswa ndani ya kaharabu (utomvu wa mti uliogeuka jiwe) ya Myanmar takriban miaka milioni 100 iliyopita na kutangazwa mwaka 2021, ana gamba la milimita mbili hivi, lakini eksirei zilionyesha hata matamvua yake.

Uwe tayari kubadili jina. Eocarcinus praecursor wa Jurasiki ya mwanzo nchini Uingereza, aliyepewa jina na mtaalamu wa visukuku Withers mwaka 1932, alihesabiwa kwa miongo mingi kuwa kaa wa kale kuliko wote. Mwaka 2010 wataalamu walimwondoa kwenye kundi la kaa, na mwaka 2020 uchunguzi mwingine ukamrudisha kwenye shina la kundi hilo, yaani miongoni mwa jamaa wa kale waliotangulia kaa wa leo, na yote hayo yakitegemea vielelezo vilevile vilivyotazamwa upya. Kwa hiyo peleka kielelezo chako kwenye makumbusho kikiwa na namba, pande zake zote mbili, daftari la tabaka na maelezo ya gundi uliyotumia, na utunze chenye madini ya piriti (mchanganyiko wa chuma na salfa) mahali pakavu, kwa kuwa unyevu hukigeuza unga, na mtu wa baadaye hatakuwa na cha kutazama upya.