Fayawoli ya bure kwa kompyuta kuukuu: ninavyochagua

Kompyuta ya mama ina memori ya GB 2 tu, nayo ndiyo iliyonifunza. Niliwahi kumwekea programu kubwa ya ulinzi, ya bure, iliyobeba fayawoli, kinga ya virusi na makorokoro mengine. Akawa anaiwasha, anaondoka, anarudi anakuta bado inahangaika kufunguka. Nikaing'oa. Tangu siku hiyo, kwenye mashine ya zamani naangalia kwanza uzito wa fayawoli.

Kabla ya kupakua chochote, tazama mfumo wako. Masasisho ya Windows XP yalikoma Aprili 2014, ya Windows 7 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 2025. Fayawoli husimama mlangoni ikiamua nani aingie na nani atoke. Haizibi nyufa za nyumba yenyewe, yaani kasoro za mfumo, ambazo huzibwa na masasisho. Kama mashine haiwezi kubeba Windows mpya, mimi huiwekea Linux nyepesi (mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows), kwa mfano Linux Mint ya Xfce. Huko sitafuti fayawoli nyingine, ufw, fayawoli iliyomo tayari, inatosha. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika amri hizi, ya kwanza ikizuia yanayoingia, ya pili ikiiwasha, ya tatu ikikuonyesha hali yake:

sudo ufw default deny incoming
sudo ufw enable
sudo ufw status verbose

Ukiwa unaiendesha kompyuta hiyo ukiwa mbali kwa SSH (njia ya kuiamuru kupitia mtandao), tanguliza sudo ufw allow ssh, la sivyo utajifungia nje. Asiyependa kuandika amri aweke Gufw, ambayo ni ufw ileile yenye vitufe.

Unabaki na Windows? Fayawoli unayo tayari. Ile ya XP ilizuia mawasiliano yanayoingia tu. Kuanzia Vista inaweza kuzuia pande zote mbili, ila yanayotoka huyaruhusu mpaka uiambie vingine. Kwa kompyuta isiyotoka nyumbani, iliyo nyuma ya ruta (kifaa kinachogawa intaneti nyumbani), naona hiyo inatosha kwa watu wengi. Hakikisha tu imewashwa. Laptopu inayounganishwa kwenye Wi-Fi za watu, iambie kuwa huo ni mtandao wa umma.

Ukitaka kudhibiti programu zinazotoka kimyakimya kwenda kwenye intaneti, ziko mbili ndogo ninazoziamini: TinyWall na simplewall. Zote zinatumia mfumo wa uchujaji uliomo ndani ya Windows, ndiyo maana hazilemei mashine. TinyWall haikurushii vidirisha vya maswali. Programu unairuhusu mwenyewe, hata kwa kubofya dirisha lake. Hiyo ndiyo niliyompa mama. simplewall inamfaa anayetaka kuarifiwa kila programu inapogonga mlango. Pakua kwenye ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe, na usome kwanza kama toleo hilo linakubali Windows yako.

Iweke siku ambayo huna haraka. Mwanzoni kivinjari kinaweza kugoma, na printa ya mtandao pia. Usiizime kwa hasira. Ruhusu kivinjari, jaribu. Ruhusu printa, jaribu. Jina usilolijua liache limefungwa mpaka ujue ni la nini. Na usirundike fayawoli mbili za kupakua za watengenezaji tofauti, maana moja ikizuia kitu utahangaika kuitafuta ni ipi.

Ukiamua kuiondoa simplewall, zima vichujio vyake (kanuni zake za kuzuia) kwanza ndipo uifute. Ukiifuta hivihivi, vichujio vinabaki ndani ya Windows vikiendelea kuzuia.